Kikuza-sauti cha Vali: Sikio Liamue, Si Jicho

Baada ya transista kuvumbuliwa katika maabara ya Bell, huko Marekani, mwezi Desemba 1947, vali ilitoweka taratibu katika redio za nyumbani. Hata hivyo haikufa. Viwanda vya Urusi, China na Slovakia vingali vikiitengeneza, na wako wapenzi wa muziki wanaotoa fedha nyingi kununua kikuza-sauti cha awali cha vali, kwa hoja kwamba sauti yake ni tamu zaidi. Je, hoja hiyo ina msingi wa kisayansi? Kwa maoni yetu ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli yaweza kumgharimu mnunuzi.

Kwanza tufahamu kazi ya chombo hiki. Kichwa cha gramafoni chenye sumaku hutoa umeme wa milivolti 5 hivi tu, ilhali kikuza-sauti kikuu huhitaji karibu volti 1. Hapana budi umeme huo ukuzwe mara 200. Tena sauti nzito, ambazo hupunguzwa wakati wa kurekodi santuri, hurudishiwa nguvu zake, na zile nyembamba zilizozidishwa hupunguzwa. Lakini mashine ya kuchezea diski za CD hutoa volti 2 hivi. Mwenye mashine hiyo hana haja ya ukuzaji. Kitasa cha kupunguza sauti chamtosha. Basi swali la kwanza lisiwe “vali au transista?” bali “nataka kukuza nini, na mara ngapi?”

Ndani ya vali, kathodi iliyopashwa moto hutoa elektroni, nazo huvuka ombwe kuielekea anodi. Lee de Forest aliongeza gridi kati ya hizo mbili mwaka 1906. Badiliko dogo la volti kwenye gridi huzaa badiliko kubwa kwenye anodi. Lakini ukuzaji huo si mnyoofu kabisa. Ukiingiza sauti yenye mitetemo 440 kwa sekunde, hutoka pamoja na kiasi kidogo cha mitetemo 880. Sauti hiyo ya pili iko oktavi moja juu ya ile ya kwanza, nayo hupatana nayo. Ndiyo maana sikio laweza kuipokea kama utamu. Anayeipenda hatendi kosa. Ila ajue kwamba amenunua kiungo kilichotiwa katika chakula, wala si ladha ya chakula chenyewe.

Je, utamu huo husikika kweli? Jambo hili lisiaminiwe bila jaribio. Jicho likiona vali inang'aa, sikio hushawishika kabla ya wimbo kuanza. Tena, kati ya vyombo viwili, kile chenye sauti kubwa kidogo hudhaniwa kuwa bora. Kwa hiyo ukubwa wa sauti usawazishwe kwa voltimita, vyombo vifichwe nyuma ya pazia, na mtu mwingine achague cha kuwasha kwa kurusha sarafu. Msikilizaji aandike jibu lake mara 20. Anayebahatisha hutazamiwa kupata 10 hivi; kupata 15 au zaidi kwa bahati tu ni jambo la karibu mara 1 katika 50.

Mwalimu aweza kufanya jaribio hili darasani bila kufungua kifuniko, wala asiruhusu kifunguliwe. Anodi za vali hizi mara nyingi hutumia volti 200 hadi 300, na kapasita zake zaweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi vali na ijiuze nyuma ya pazia. Ikishinda hapo, inunuliwe. Ikishindwa, fedha zibaki mfukoni.