Mbio Si Sadaka

Ipo desturi iliyoota mizizi katika viwanja vyetu vya michezo, nayo yatupasa kuipinga. Siku ya sherehe inapowadia, vijana wenye ulemavu wa akili huitwa wakimbie mita 100 mbele ya wageni. Makofi hupigwa, zawadi hugawiwa kwa wote sawasawa, hotuba ya huruma husomwa, kisha kila mtu hurudi kwake. Aliyetangulia alitumia sekunde ngapi? Hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna aliyeshika saa. Sisi twasema kwamba hayo hayakuwa mashindano, yalikuwa sadaka.

Neno hili twalisema katika kitabu cha utamaduni kwa sababu kosa lenyewe ni la utamaduni. Lugha yetu ni shahidi. Maneno taahira, punguani na zezeta yamekuwa matusi ya mitaani, na amwitaye mtoto hivyo huwa amekwisha kumhukumu kabla hajamsikiliza. Lakini wazee walituusia kwamba hujafa hujaumbika. Usia huo hautuamuru kuwahurumia wengine. Watukumbusha kwamba hakuna binadamu aliyekwisha kukamilika, wala hakuna wa kuambiwa kuwa amefika mwisho wake.

Wapo wanaodai kwamba mbio fupi ni nguvu za kuzaliwa tu, hivyo hapana la kufundisha. Hao hawaujui mchezo. Mkimbiaji hana budi kuuitika mlio wa bastola bila kukawia, kuinua mwili kidogo kidogo anapoongeza kasi, kubaki katika njia yake, na katika mita 400 kugawa nguvu zake zisimwishie kabla ya mwisho. Ni katika kuitika na kugawa huko ndimo ulemavu wa akili humlemea mtu. Lakini mambo hayo hufundishika kwa subira na kwa kurudiwa kila siku. Basi kijana huyu amhitaji mwalimu zaidi ya wenzake, wala si pungufu.

Ushahidi upo. Mjini Rio de Janeiro, mwaka 2016, Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alivunja rekodi ya dunia ya mita 400 kwa sekunde 43.03. Mwezi uliofuata, katika Michezo ya Paralimpiki mjini humo humo, Daniel Martins wa Brazil, mwenye ulemavu wa akili, alikimbia mita hizo kwa sekunde 47.22. Kati yao pana sekunde 4 na nukta chache. Deepthi Jeevanji wa India alidhihakiwa kijijini kwao tangu utotoni. Alipompata mwalimu aliyemfundisha kama mwanariadha, mwaka 2024 aliweka rekodi ya dunia ya kundi lake mjini Kobe, sekunde 55.07, na mwaka huo huo akapata medali ya shaba mjini Paris. Dhihaka haikumnyamazia kwa huruma. Ilinyamazishwa na saa.

Wengine husema kwamba saa itawaaibisha walio wazito. La hasha. Michezo ya Olimpiki Maalumu, iliyoanzishwa na Eunice Kennedy Shriver mjini Chicago mwaka 1968, humpima kwanza kila mkimbiaji, kisha huwapanga pamoja wale ambao kasi yao yakaribiana. Hapo hata aliye mzito hupata mpinzani wa kweli. Saa ndiyo inayomlinda asiaibishwe.

Tena saa peke yake haitoshi, yahitaji uaminifu. Mwaka 2000, mjini Sydney, timu ya mpira wa kikapu ya Hispania ilitwaa dhahabu ya Paralimpiki katika kundi la wenye ulemavu wa akili, kumbe wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Walioghushi walikuwa wazima, lakini adhabu iliwaangukia walemavu: Athens 2004 na Beijing 2008 ziliwapita, wasirudi hata London 2012. Huo nao ni uzao wa desturi ile ile, kwani mchezo usioheshimiwa hauna mlinzi.

Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, taifa halikumshangilia kwa huruma. Lilishangilia kazi iliyopimwa. Heshima hiyo hiyo ndiyo tunayoidai kwa kila kijana wa madarasa ya elimu maalumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kutungwa. Kilichobaki ni vitendo. Apewe mwalimu wa riadha, apewe ratiba ya mazoezi, na muda wake uandikwe daftarini ili mwakani aushinde.

Makofi tumekwisha kuyapiga ya kutosha. Sasa tushike saa.