Umeme ukikatika, chomoa pasi

Jumapili jioni, katika nyumba nyingi za Ilala, sare za shule hupigwa pasi. Umeme ukikatika ghafla, pasi huachwa kitandani na watu wakaendelea na mengine. Hatari huja umeme unaporudi usiku watu wamelala: pasi hupata moto tena, na godoro la sponji huwaka upesi.

Mzazi, umeme ukikatika tu, chomoa pasi, isimamishe mahali ambapo mtoto hafiki, hata kwa kuvuta waya. Ya mvuke ichomoe pia kabla ya kuongeza maji.

Kulinda nguo, soma lebo. Nukta moja ni moto mdogo, nyuzi 110. Mbili ni 150, kwa poliesta. Tatu ni 200, kwa pamba. Anza na nguo za moto mdogo. Kitenge cha Kariakoo kisicho na lebo, jaribu kwanza pindo kwa ndani.

Mtoto akiungua, mwagia maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno, kisha mpeleke hospitali. Moto ukiwaka, piga 114, Zimamoto.