Tarehe iliyotangazwa kabla ya kazi kuiva



Kila mwaka, toleo jipya la programu kuu ya simu linapokaribia kutoka, jumbe huanza kuzunguka katika vikundi vyenu. Mmoja anaandika kwamba litatoka wiki ijayo. Mwingine anasema limeahirishwa, maana mafundi wamegundua kosa kubwa. Wa tatu anahakikisha kwamba simu zote za zamani zitazimika. Nikiuliza, «Nani amekuambia?», jibu ni lile lile: «Imeandikwa, mwalimu.» Imeandikwa na nani? Hapo kimya.

Programu hiyo kuu, ambayo wataalamu huiita mfumo endeshi, ndiyo inayoiamsha simu na kuongoza kioo, sauti, kamera na programu nyingine zote. Bila hiyo, simu ni kipande cha kioo na plastiki. Si ajabu basi kwamba watu huingoja kwa hamu. Lakini nataka tutafakari pamoja jambo lisilozungumzwa sana: uvumi huo huzaliwa wapi, na nani hulipa gharama yake? Mara nyingi tunamlaumu mvumishaji peke yake. Mimi naona tunamsahau aliyeacha mlango wazi, yaani yule aliyeahidi tarehe, tarehe ikapita, naye hakutaka kusema waziwazi kwa nini imepita.

Nitachukua mfano uliotokea mlipokuwa bado watoto wadogo. Kaka zenu wakubwa wanaikumbuka simu iitwayo BlackBerry, yenye vibonye vidogo vidogo vya herufi, ambayo mwenye nayo aliiweka mezani ili wote waione. Kampuni iliyoitengeneza iliitwa Research In Motion, na makao yake yalikuwa Waterloo, nchini Kanada. Mwaka 2008 thamani ya hisa zake zote ilifika karibu dola bilioni 80. Lakini tangu mwaka 2007 Apple ilikuwa imetoa iPhone, na mwaka uliofuata zikatoka simu za kwanza za Android. Watu wakazoea kugusa kioo, kufungua kurasa za intaneti kama kwenye kompyuta, na kuchagua programu kwa maelfu. Mfumo wa zamani wa BlackBerry haukujengwa kwa kazi hiyo. Ulikuwa bora kwa barua na jumbe, basi.

Wakubwa wa kampuni hawakulala. Mwezi Aprili 2010 walikubaliana kuinunua QNX, kampuni nyingine ya Kanada ambayo programu zake zilisifika kwa kuendesha mitambo isiyotakiwa kusimama hata kidogo. Juu ya msingi huo waliamua kujenga mfumo mpya kabisa. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, na hata leo sioni sababu ya kuwacheka. Shida ilianza walipofungua kinywa.

Oktoba 2011 huduma za BlackBerry zilikatika kwa siku kadhaa, kwanza Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na India, kisha Amerika. Mkubwa wa kampuni alilazimika kuomba radhi mbele ya kamera. Wiki iliyofuata, tarehe 18 Oktoba, huko San Francisco, kampuni ikatangaza kwa shangwe mfumo wake mpya kwa jina la BBX. Haikupita miezi miwili, jina hilo likapotea: kampuni ndogo ya New Mexico, Marekani, ilikuwa imelimiliki tangu zamani, na mahakama ikazuia lisitumike. Ndipo mfumo ukaitwa BlackBerry 10. Hata jina lilitangazwa kabla ya kukaguliwa.

Desemba mwaka ule ule ikasemwa kwamba simu za kwanza zenye mfumo huo, zilizotazamiwa mapema mwaka 2012, zingechelewa mpaka mwisho wa mwaka huo. Sababu iliyotolewa na Mike Lazaridis, mmoja wa wakubwa wawili wa kampuni, ilikuwa kipande kimoja cha ndani ya simu, ubongo wake tuseme, ambacho kisingepatikana kabla ya katikati ya mwaka. Pengine kwa sehemu ilikuwa kweli. Lakini mara hiyo ukurasa mmoja wa habari za teknolojia huko Marekani ukaandika, kwa maneno ya mtu asiyetajwa jina, kwamba kisingizio ni hicho kipande tu, na kwamba mfumo wenyewe ndio haujaiva. Kampuni ikakanusha. Mwezi Januari 2012 ukatoka uvumi mwingine: Samsung inataka kuinunua Research In Motion. Siku ile bei ya hisa ikapanda. Kesho yake Samsung ikakanusha, bei ikashuka. Waliokimbilia kununua siku ya kwanza walijuta siku ya pili.

Tuseme kijana mmoja wa Waterloo, mwenye kaka anayefanya kazi katika kampuni hiyo, alisikia maneno hayo mawili ndani ya wiki chache. Moja ni la mfumo usioiva, la pili ni la Samsung. Yote mawili yalitoka kwa watu wasiotajwa majina, na yote mawili yakakanushwa. Yalifanana kama mapacha. Wahenga wetu wanasema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Je, ni kweli? La Samsung halikuwapo wala halikuja. Mwezi Januari 2015 lilizuka tena, hisa zikapanda kwa kishindo, kampuni zote mbili zikakanusha, hisa zikashuka tena. Lakini lile la mfumo usioiva lilikuwa karibu sana na ukweli, kama tutakavyoona. Aliye nje hakuwa na njia ya kuyatenganisha. Mtu mmoja tu aliweza, naye ni mwenye jambo, kwa kusema kweli yote mapema.

Nisisitize hapo, maana wengi wenu mnadhani kwamba uvumi ni dhambi ya wajinga, na kwamba mtu mwerevu huutambua kwa harufu. Si hivyo. Wenye hisa waliodanganyika walikuwa watu wa shule, wenye vyeti vya fedha na hesabu. Kilichowapofusha ni kwamba ahadi rasmi ilikuwa imeshindwa mara moja, mara mbili, na neno rasmi likawa na uzito sawa na neno la barabarani. Neno la mkubwa likipoteza uzito, la mvumishaji halina haja ya kuwa zuri. Linatosha kuwa la kwanza.

Mwishoni mwa Januari 2012 wakubwa wale wawili waliondoka madarakani, na nafasi yao ikashikwa na Thorsten Heins, Mjerumani. Tarehe 28 Juni 2012 yeye naye akatangaza kuchelewa: BlackBerry 10 haitatoka mwaka huo, itatoka mwanzoni mwa 2013. Safari hii hakumsingizia mwenye kuuza vipande. Alisema kwamba kuziunganisha sehemu nyingi za mfumo kumechukua muda mrefu kuliko walivyotazamia, na kwamba hatakubali kutoa kitu kisichokamilika. Siku ile ile kampuni ikatangaza hasara ya dola milioni 518 kwa miezi mitatu, na kwamba wafanyakazi wapatao 5.000 watapoteza kazi. Kesho yake hisa zilipoteza karibu moja ya tano ya thamani yake.

Mtaniambia: «Mwalimu, umeona? Alisema kweli, akaadhibiwa.» Ndiyo, nimeona. Lakini ile haikuwa adhabu ya kweli aliyoisema Juni. Lilikuwa deni la Oktoba na la Desemba, likaja kudaiwa kwa mtu aliyelirithi. Tena jambo moja lilibadilika. Mwezi Novemba Heins alitaja siku, tarehe 30 Januari 2013, na siku hiyo mfumo ulizinduliwa kweli. Alitaja siku wakati kazi ilikuwa karibu kuisha, kwa hiyo aliweza kuitimiza.

Ila ulikuwa umechelewa. Simu ya kwanza, Z10, ilikuwa ya kioo, na Marekani haikuuzwa mpaka mwezi Machi. Wapenzi wa vibonye waliisubiri Q10 kwa miezi mingine. Waliozijaribu waliusifu mfumo: jumbe zote zilikusanyika mahali pamoja, na kidole kimoja kilitosha kuzifikia. Lakini watengeneza programu walikuwa wamekwisha kuhamia kwa wengine. Instagram, kwa mfano, haikutengeneza programu yake kwa mfumo huo. Mwezi Septemba 2013 kampuni ilitangaza hasara ya karibu dola bilioni moja, sehemu kubwa ikitokana na simu za Z10 zilizobaki bila kununuliwa, na wengine 4.500 wakaambiwa kwamba kazi imekwisha.

Wapo wanaosema kuchelewa ndiko kulikoiua BlackBerry. Sikubaliani nao kabisa. Mshindani alikuwa ametangulia kwa miaka, na hata mfumo ungetoka siku iliyoahidiwa, mbio zingekuwa ngumu. Ninalosema ni dogo kuliko hilo: watu walikuwa tayari kusubiri, maana mwaka 2012 wenye kutumia BlackBerry duniani walikuwa bado karibu milioni 80. Waliochoka, walichoka kusubiri bila kujua wanasubiri nini. Tazameni kilichowapata wenye PlayBook, kile kibao cha kampuni hiyo hiyo. Januari 2013 waliambiwa kwamba BlackBerry 10 itafika kwenye vibao vyao. Mwezi Juni wakaambiwa haitafika, kwa sababu kazi yake haikumridhisha mkubwa. Miezi mitano mtu anatunza kibao, anakataa kukiuza, anawaambia rafiki zake wavumilie. Nani alimlipa?

Msidhani ugonjwa huu ni wa walioshindwa tu. Juni 2024 Apple yenyewe, tajiri kuliko karibu kampuni zote duniani, ilionyesha msaidizi wa sauti mpya, Siri mwenye akili zaidi, ikamtangaza hata katika matangazo ya biashara ya simu zake mpya. Mwezi Machi 2025 ikakiri kwamba kazi hiyo itachukua muda mrefu kuliko ilivyofikiri, na tangazo likaondolewa. Aliyenunua simu kwa ajili ya msaidizi huyo alikuwa amekwisha kulipa.

Nirudi kwetu sasa. Simu nyingi za bei nafuu tunazozinunua sokoni huku hazipati toleo jipya hata likitoka leo, ama hulipata mara moja tu na kusahauliwa. Kwa hiyo ujumbe unaosema «toleo jipya laja, simu zote za zamani zitazimika» unamgusa kijana wa hapa kuliko wa Toronto. Kijana wa Toronto atangoja. Wa hapa atakimbia kuuza simu nzima kwa bei ya kutupa, na anayeinunua ataitumia kwa miaka mitatu. Ukiletewa ujumbe wa namna hiyo, usianze kwa kujiuliza kama ni wa kweli, maana mara nyingi huna njia ya kujua. Jiulize: nikiutii na ukawa uongo, nani atalipa? Kama mwenye kulipa ni wewe, na aliyeutuma halipi kitu, una haki ya kungoja mpaka mwenye jambo aseme mwenyewe.

Lakini nilisema tangu mwanzo kwamba sitamlaumu mvumishaji peke yake. Wengi wenu ni viongozi wa vikundi. Mnashika daftari la michango, mnapanga safari, mnaagiza vitambaa vya sikukuu. Mnasema «wiki ijayo» kwa urahisi sana. Nami sijitoi humo. Miaka iliyopita niliwaahidi wanafunzi wangu pointi za mtihani siku ya Ijumaa. Ijumaa ilipofika sikuwa nimesahihisha hata nusu. Nikawaambia kwamba tumekosa karatasi za kuandikia matokeo. Jumatatu darasa zima lilikuwa likisema kwamba karatasi zao zimepotea, na mzazi mmoja akaja kuuliza kama ni kweli kwamba mtihani utarudiwa. Niliona haya kuliko ningeona haya siku ya Ijumaa. Nilipowaeleza kwamba nimechelewa mimi, na kwamba nahitaji siku nne zaidi, walinung'unika mpaka mapumziko ya saa nne, kisha wakatoka kucheza mpira.

Ule mfumo wa QNX, nisisahau kuwaambia, haukufa. Unafanya kazi leo ndani ya magari zaidi ya milioni 200, na wengi wanaoyaendesha hawajapata kulisikia jina lake. BlackBerry 10 ndiyo iliyozimwa. Kampuni ilitangaza kwamba tarehe 4 Januari 2022 itafunga huduma za mfumo huo na za mifumo yake ya zamani, ikaeleza kipi kitakoma: kupiga simu, kutuma jumbe na kuingia kwenye intaneti havitategemewa tena. Siku ikafika, ikawa kama ilivyosemwa. Waliokuwa bado na simu hizo mkononi walikuwa wamepewa muda wa kutafuta nyingine.