Jani Zuri Juu ya Kikapu

Mtu apitaye asubuhi katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet atawakuta wachumaji wamekwisha ingia kazini kabla umande haujakauka. Kila mmoja ana kikapu mgongoni, na nailoni kiunoni ya kumkinga na maji. Mikono yao ni myepesi, lakini haichumi ovyo. Sheria ya chai njema ni majani mawili na chipukizi. Jani gumu lililokomaa halina nafasi. Majani yafikapo kituoni, karani huyakagua kabla hayajapimwa. Mchumaji akitia majani magumu chini na kuyafunika kwa majani mororo, karani hutia mkono mpaka ndani, na mzigo ukarudishwa mbele za watu. Sijapata kumsikia mtu wa haki akimlaumu karani kwa jambo hilo. Kila mmoja ajua kwamba jani zuri juu ya kikapu si kikapu cha majani mazuri.

Watoto wa wachumaji hao huuziwa mara kwa mara kikapu cha namna hiyo hiyo, wala hapana karani wa kukikagua. Nasema juu ya sinema za mapigano zinazotengenezwa kwa fedha kidogo na haraka nyingi, kisha zikauzwa kwa jina na sura ya mchezaji aliyekuwa shujaa zamani.

Siku moja ya likizo niliingia katika kibanda cha video kwenye soko dogo la huku kwetu. Mlangoni palibandikwa picha ya mchezaji ambaye ulimwengu mzima wamjua. Ameshika bunduki, amekunja uso, na nyuma yake moto unawaka. Kiingilio kilikuwa shilingi 20. Ndani, juu ya mabenchi ya mbao, niliwakuta vijana watatu ninaowafundisha. Sinema ilichukua saa moja na nusu. Mimi ni mwalimu na nina mazoea ya kutazama saa. Shujaa wetu alionekana kwa muda usiotimia dakika 10. Alikaa kitini akasema na simu, akasimama dirishani, akakaa tena. Palipokuwa na mapigano tulionyeshwa kisogo cha mtu mwingine aliyevaa koti lake. Kazi yote ya kukimbia, kuanguka na kutokwa na jasho iliachiwa vijana ambao majina yao hayakuwa mlangoni. Tulipotoka, kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, yule mzee mwenyewe alikuwa wapi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Insha hii ndiyo jibu langu.

Kwanza nataka ieleweke kuwa sizichukii sinema za mapigano. Nilikua nikizitazama. Nilimwona Arnold Schwarzenegger katika Commando ya mwaka 1985, nikamwona Jean-Claude Van Damme katika Bloodsport ya mwaka 1988. Mwaka huo huo wa 1988 Bruce Willis alicheza katika Die Hard askari polisi mmoja, asiye na viatu, akipigana na wezi ndani ya jengo refu la Los Angeles na kukanyaga vigae vya kioo. Mwaka 1992 Steven Seagal alicheza mpishi wa manowari katika Under Siege. Hadithi hizo hazikuwa na hekima kubwa. Lakini mtu aliyelipa kumtazama mchezaji fulani alimpata mchezaji huyo, tena mzima. Alimwona akichoka, akiumia, akiinuka. Mnunuzi na muuzaji waliagana wakiwa hawadaiani.

Je, mapatano hayo yalivunjwaje? Jibu liko katika biashara yenyewe. Zamani sinema ilikwenda kwanza katika majumba makubwa, na watu wakichukizwa nayo, habari zilienea na hasara ikamrudia mtengenezaji. Kanda za video zilipotokea, kisha diski, kisha intaneti, ikawezekana kuiuza sinema bila kuipitisha mbele ya watu wengi kwanza. Leo mtengenezaji huenda sokoni na jina la mchezaji na picha ya tangazo tu. Wanunuzi wa nchi mbalimbali humwahidi fedha kabla sinema haijatengenezwa. Tena majimbo kadhaa ya Marekani humrudishia sehemu ya gharama akipigia picha huko. Hivyo huweza kuona faida yake kabla mtazamaji wa kwanza hajaketi. Basi kwa nini ajisumbue kutengeneza sinema nzuri? Yeye ameuza jina, na jina limekwisha lipiwa. Kilichobaki ni kulipata jina hilo kwa siku chache iwezekanavyo, na kuijaza nafasi iliyobaki kwa chochote.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kimepata werevu: hujitembeza kwa miguu ya chema cha zamani.

Mfano wa Bruce Willis unatia uchungu kuliko yote. Katika miaka yake ya mwisho ya kazi alitokea katika sinema nyingi za namna hii, mbio mbio, moja baada ya nyingine. Watoaji wa tuzo za kejeli za Marekani, ziitwazo Razzie, walimtengea tuzo yake peke yake, washindani wakiwa sinema zake 8 walizozihesabu za mwaka 2021. Watu wakacheka. Machi 2022 jamaa zake wakatangaza kwamba anaacha kazi kwa sababu ya afasia, ugonjwa unaomwondolea mtu uwezo wa maneno. Na Februari 2023 wakaeleza kuwa ni maradhi ya ubongo yasiyo na tiba. Wenye tuzo waliifuta tuzo yao. Gazeti la Los Angeles Times liliandika mwaka 2022 kwamba mikataba yake ya miaka ile kwa kawaida ilikuwa ya siku 2 za kazi, na kwamba maneno yake alinong'onezwa kwa chombo kilichotiwa sikioni. Nisomapo habari hiyo simlaumu mgonjwa hata kidogo. Lakini nauliza juu ya biashara ambayo ilimkuta mtu katika hali hiyo, ikaona kwamba uso wake bado unauzika, na mashine ikaendelea kusaga.

Habari ya Steven Seagal ni nyingine. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 karibu sinema zake zote zilikwenda moja kwa moja katika diski. Katika Attack Force ya mwaka 2006 hata sauti yake, katika sehemu nyingi, si yake. Mtu mwingine aliitia. Fikiri, msomaji: mwili wa kupigana ni wa mwingine, sauti ya kunena ni ya mwingine. Kilichobaki cha mchezaji ni jina lililoandikwa mlangoni.

Najua nitapingwa. Mtu wa kwanza atasema kwamba nawadharau wazee. La, hasha. Mimi ni mtoto wa nchi ambayo umri una heshima na mpango. Kwa Wakipsigis kila rika, au ibinda, lilikuwa na wakati wake wa kushika silaha na wakati wake wa kuziweka chini, ukashike ushauri na hukumu. Kuweka silaha chini hakukuwa aibu; kulikuwa kupanda daraja. Aibu ingekuwa kwa mzee kusimama mbele ya vijana na mkuki asioweza kuurusha, akidai sifa za vita anavyopiganiwa na wengine. Sylvester Stallone alilifahamu jambo hili mwaka 2015 katika Creed. Alikuwa na miaka 69, na yule mpiga ngumi wake wa zamani hakurudi ulingoni: alimfundisha kijana, akaugua, akaogopa. Aliucheza uzee wake kwa uaminifu, na kwa kazi hiyo akapendekezwa kupewa tuzo ya Oscar. Basi uzee si hitilafu. Hitilafu ni kuuza ujana usiokuwapo.

Mtu wa pili atasema kwamba fedha zilikuwa kidogo, na maskini hachagui. Huyu naye namwomba atazame Uganda, jirani zetu. Katika mtaa wa Wakaliga, mjini Kampala, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali ili apate riziki, alitengeneza mwaka 2010 sinema ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? Gharama yake husemwa kuwa haikufika dola 200. Bunduki zake ni za bandia, na helikopta zake zimechorwa kwa kompyuta jinsi ambayo mtoto aweza kutambua. Hakuna jina kubwa hata moja. Lakini kila aliyemo ndani yake anakimbia kwa miguu yake mwenyewe na kuanguka kwa mbavu zake mwenyewe, na ulimwengu umeipenda. Umaskini wake umewekwa juu ya kikapu, waziwazi, na chini yake mna kazi. Zile nyingine utajiri umewekwa juu, na chini yake hamna kitu. Kwa hiyo uchache wa fedha nao si hitilafu.

Mtu wa tatu atasema, "Ni shilingi 20 tu; hakuna aliyelazimishwa." Kwa mtu mzima mwenye mshahara ni kweli kuwa shilingi 20 si kitu. Lakini kijana wa shule ya sekondari aliyezitoa alizipata kwa mama aliyeinama shambani tangu alfajiri, ambaye majani yake yalikaguliwa jani kwa jani. Ni haki gani hii, mama akaguliwe kwa ukali namna hiyo, na anayemwuzia mwanawe asikaguliwe na mtu yeyote? Tena hasara kubwa haimo katika shilingi. Imo katika fundisho. Kijana atazamaye sinema kumi za namna hii hujifunza, bila kuambiwa, kwamba jina likisha patikana kazi yaweza kuachwa. Kwamba mkubwa hukaa kitini akasema na simu, na watu wasiojulikana huumia kwa niaba yake. Fundisho hilo akitoka nalo kibandani atalipeleka ofisini, shuleni, na katika siasa.

Nchi hii ya chai inalo fundisho lililo bora. Wilson Kiprugut, mtoto wa Kericho, alikimbia mita 800 katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, akapata nishani ya shaba, nishani ya kwanza ya Kenya katika michezo hiyo. Mwaka 1968 alikwenda Mexico akiwa na jina kubwa tayari. Jina hilo halikumkimbilia hata hatua moja. Ilimbidi asimame tena kwenye mstari na kuanza upya kama asiyejulikana, akapata nishani ya fedha. Alifariki mwaka 2022, na heshima aliyokwenda nayo ilikuwa ya miguu yake mwenyewe.

Basi kijana uliyeniuliza yule mzee alikuwa wapi, jibu ni hili: hakuwapo. Walikuuzia kivuli chake. Wala usingoje serikali, wala mwenye kibanda, wala mtengenezaji wa Marekani akulinde, maana wote hao hawana hasara katika jambo hili. Kuwa karani wa kikapu chako mwenyewe. Usinunue kwa picha ya mlangoni. Uliza sinema ni ya mwaka gani, nani aliiongoza, na waliotangulia kuiona wanasema nini. Ukidanganywa, usione haya kusema kwamba umedanganywa, kwa kuwa hadaa hii huishi kwa kimya cha waliopunjwa. Mwambie ajaye nyuma yako mlangoni. Mama yako hutia mkono mpaka chini ya kikapu kabla karani hajafanya hivyo, akatoa jani gumu yeye mwenyewe na kulitupa. Jifunze kwake.