Mfalme Taksin na Hekalu Lake

Wako watu wasemao kwamba hekalu la kumtukuza mfalme wa kale si historia. Hilo, wanadai, ni ubani na mishumaa tu; atakaye ukweli na asome vitabu. Nayakataa maneno hayo, na shahidi wangu ni Taksin wa Siamu, nchi iitwayo Thailand leo.

Mwezi wa Aprili 1767 Waburma waliuteka mji mkuu wa Ayutthaya, wakauchoma moto. Taksin, ambaye baba yake alikuwa Mchina, alikwisha ponyoka na watu wachache kuelekea mashariki. Mji wa Chanthaburi ulipokataa kumpokea, yasimuliwa kwamba aliwaamuru askari wake wale, kisha wavunje vyungu vyote: chakula kingine wangekila ndani ya mji, au wasile kabisa. Mji ukaanguka. Huko akakusanya majahazi na kuunda mengine, akarudi kwa bahari, akawashinda Waburma, na mwaka haujaisha alikwisha kuwa mfalme, makao yake Thonburi.

Sasa vitazameni vitabu. Mwaka 1782 Taksin aliangushwa na kuuawa, na jemadari wake akakikalia kiti cha enzi. Habari za enzi yake zikaandikwa chini ya nasaba mpya, nazo zasema alishikwa na wazimu. Labda ni kweli. Walakini mwandishi alaye chakula cha mrithi ana sababu ya kuuona wazimu wa marehemu! Je, huo ndio ukweli mtupu tunaoambiwa tuukimbilie?

Sanamu yake kubwa, akiwa juu ya farasi, ilizinduliwa huko Wongwian Yai, Thonburi, mwaka 1954, yaani miaka 172 baada ya kufa kwake. Watu wa kawaida walikuwa na njia zao za kumkumbuka. Huko Chenghai, Uchina, kwao baba yake, liko kaburi lisilo na maiti. Yasemwa zimezikwa nguo zake. Na Chanthaburi wana hekalu lake, mahali ambapo wazee wetu wa pwani wangepaita mzimuni pasipo dharau yoyote. Mwenyeji aingiaye humo na fimbo za ubani anajua mji wake uliangukaje na vyungu vilivunjwa kwa nini. Ni mtihani gani wa historia atakaoshindwa huyo?

Kila tarehe 28 Desemba, siku ya kumkumbuka, maua huwekwa chini ya yule farasi wa Thonburi.