Bumu limetoka, deni langu je?

Leo nina donge. Muhula uliopita mshkaji wangu wa Mbeya aliniomba 40,000, eti bumu limechelewa. Nikamrushia kwa simu, mimi huku Iringa nikashindia maharage wiki mbili. Bumu likatoka. Kimya! Simu hapokei, ila picha za Mwanjelwa anaweka.

Nimfuate? Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 600, nauli inameza karibu deni lote. Polisi si kwake, hili ni dai la Mahakama ya Mwanzo, na meseji ya muamala ninayo. Lakini jamani, tufike huko?

Mimi naona kudai chako si uchoyo. Kama hana, aseme hana. Nimemwandikia alipe 10,000 kila mwezi. Ameshasoma, hajajibu.