Kinga ya Mionzi Huanzia Kwenye Mchoro

Mjadala wa usalama wa mionzi hospitalini mara nyingi huanza baada ya mashine kufungwa: nani avae beji, nani asimame wapi. Kufikia hapo umechelewa. Wasanifu wa mashine kubwa za kuharakisha chembe, zile zinazozalisha nyutroni kwa mapigo, wana desturi bora zaidi, nayo yafaa kuigwa.

Huko Oak Ridge, Marekani, mashine ya aina hiyo iliyoanza kazi mwaka 2006 hugongesha protoni kwenye zebaki mara 60 kwa sekunde. Nyutroni zinazotoka huwasaidia watafiti kuchunguza mpangilio wa atomu katika vitu mbalimbali, zikiwemo protini za mwili. Mwali wake ulisanifiwa kubeba megawati 1.4. Sehemu yake ikipotea njiani na kugonga bomba, chuma huendelea kutoa mionzi hata umeme ukizimwa.

Kwa hiyo wasanifu walijiwekea kikomo: upotevu usizidi takriban wati 1 kwa kila mita, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya mwali. Kikomo hicho kinamlinda fundi atakayeingia handakini kuitengeneza mashine kwa mikono yake. Afya yake ilizingatiwa kabla ya bomba la kwanza kulazwa.

Mashine za tiba ya mionzi ni ndogo mno zikilinganishwa na hiyo, lakini hoja haibadiliki. Zinapotumia zaidi ya takriban megavolti 10, nazo huzalisha nyutroni kiasi. Risasi pekee haizizuii vyema. Mlango huhitaji pia tabaka lenye haidrojeni nyingi, kama plastiki iliyochanganywa na boroni. Kasoro ya mlango au ukuta haiondolewi na beji. Beji hupima, haikingi.

Wapo wanaosema kwamba mashauriano ya mapema huchelewesha ujenzi. Ni kweli, huchukua wiki kadhaa. Lakini chumba kikifungwa ili ukuta ujengwe upya, anayeumia ni mgonjwa ambaye tiba yake imekatizwa, na saratani haisubiri mafundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi mwanafizikia wa tiba, fundi na wahudumu wa chumba cha mionzi waketi pamoja na msanifu majengo kabla mchoro haujaidhinishwa. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza chumba kimekingwaje, na kujibiwa kwa lugha anayoielewa.